Kitambaa cha Uji

1

Uvumi ulianzia kwenye bomba la nje, pale wafanyakazi wa kituo wanaposuuza mabuti kabla ya kurudi makwao. Ulikuwa mfupi tu: nguruwe wa Banda A hawafi kwa sababu ya Yunisi.

Aliyeuanzisha hakuwa na ubaya. Lazaro Mgonela alikuwa mtunzaji wa Banda B, na siku hiyo alikuwa ametoka kumsukuma kwa toroli nguruwe wake wa kumi na mbili, wa mwisho, hadi kwenye tanuri la kuchomea mizoga.

"Dada Yunisi, hebu nipe siri," alisema huku maji yakimchuruzika miguuni. "Wangu wamekwisha wote. Wako wanakoroma kama wabunge. Umewafunga hirizi gani?"

"Wako wanakufa kwa harufu ya mlezi wao. Acha pombe uone."

"Mimi nimeokoka mwaka wa tatu huu!"

"Basi waombee."

Watu wakacheka, na Yunisi, mtunzaji na mfagiaji wa Banda A, akacheka nao. Lakini alipofika nyumbani akaanza kutwanga karanga, uvumi ukawa upo. Alipoanika nguo, upo. Asubuhi alipokuwa akijifunga kanga, upo. Uvumi wa uongo mtu anaukasirikia, halafu unapita. Huu haukupita, kwa sababu yeye mwenyewe, katika watu wote wa Kituo cha Chinyika, ndiye aliyejua kwamba ni kweli.

2

Kituo kilijengwa mwaka uleule wilaya zilipogawiwa Majiko. Jiko halikupika kitu. Lilikuwa nyumba ya zege isiyo na madirisha, na ndani yake moto usio na moshi ulichemsha maji na kuzungusha mashine za umeme. Umeme ulifika hadi kwenye mabanda ya kuku. Watu walishukuru, wakasahau.

Moto ule, ukimpata mtu, humuunguza kwa ndani. Ngozi hubaki safi. Lakini utumbo wa kila kiumbe una bitana ndani, kama koti, na bitana hiyo huchakaa na kuota upya kila baada ya siku chache. Mionzi huua mbegu zake. Ya zamani inachakaa kama kawaida, mpya haioti. Ikifika siku ya tano utumbo uko uchi: maji ya mwili yanavuja, na vijidudu vya choo vinaingia kwenye damu. Mgonjwa huharisha mpaka anakwisha. Hayo Yunisi hakuyasoma popote, maana shule yake iliishia darasa la saba. Aliyaona kwa nguruwe, kundi baada ya kundi, miaka minne.

Daktari Kemilembe, mtafiti wa kituo, ndiye aliyetengeneza vishonaji, dawa ya kuungua huko. Vilikuwa vijidudu vya kufugwa maabara, vyeupe kama maji ya mchele. Vilipitishwa kwa mpira puani hadi tumboni, vikafika kwenye utumbo ulioungua, vikashikamana hapo na kufuma utando. Utando ulikaa badala ya bitana mpaka mwili upate nguvu ya kuotesha ya kwake.

Sharti lilikuwa moja, nalo liliandikwa kwa herufi nyekundu juu ya kila mlango: TUMBO TUPU SIKU NNE. Mnyama hali, hanywi. Maji anapewa kwa sindano tu. Daktari aliamini kwamba chakula kingevibandua vishonaji kabla havijashika.

Nguruwe ishirini na wanne waliunguzwa siku moja. Kumi na wawili wa Banda A wakapewa vishonaji. Wa Banda B wakapewa maji matupu, ili ionekane tofauti. Kila mnyama alikuwa na chumba chake, na vyumba vyote vilisimamiwa na Karani, mashine iliyopima uzito wa kila mnyama, joto la kila mwili na kila punje iliyoanguka kwenye sinia. Karani haikulala wala kusahau. Iliandika kila ilichofundishwa kukitazama.

Sasa Yunisi alikulia Ugogoni, nyumba yenye mbuzi. Kwao mbuzi aliyefungwa kamba hashindi njaa. Aliye huru akikosa majani ni shauri yake, anaweza kutembea. Uliyemfunga umemwondolea miguu, kwa hiyo tumbo lake ni lako wewe. Mama yake alimchapa mara moja tu katika maisha yake, na ilikuwa kwa kosa hilo. Mtoto wa mbuzi aliyefiwa na mama yake walimpa uji mwepesi wa uwele wenye chumvi kidogo, kwa kitambaa: unachovya, unampa ncha, ananyonya.

Siku ya pili ya kufunga, nguruwe wa chumba cha kwanza alimtazama. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Siku ya tatu Yunisi alikuja na uji ndani ya ndoo ndogo ya usafi, na kitambaa kipya.

Akaingia chumba cha kwanza, akainama kama anayefuta sakafu. Nguruwe akanyonya. Akaenda cha pili. Karani ikaandika: *usafi, dakika kumi na mbili*. Muda wa usafi ulipokwisha taa ya mlangoni ikawa nyekundu, naye alikuwa amefika chumba cha tisa. Ikawa hivyo siku hiyo na siku iliyofuata. Kila mara aliishia cha tisa.

Tisa walipona. Watatu walikufa, wale wa vyumba vya mwisho, cha kumi, cha kumi na moja na cha kumi na mbili.

"Tisa kati ya kumi na wawili!" Daktari alimkumbatia Yunisi palepale na aproni yake iliyolowa. "Mama Nyemo, unajua maana yake? Hakuna mahali duniani walikofika tisa."

"Hongera, Daktari."

"Uzito wao umerudi kabla ya siku ya tano. Karani inasema ni utando unaofyonza virutubisho."

Yunisi alitaka kuuliza virutubisho hivyo vilitoka wapi kama tumbo lilikuwa tupu. Lakini nani angejibu swali la mfagiaji? Na kama angejibiwa, kungefuata kufukuzwa kazi, na pengine polisi. Akachukua ndoo, akaenda kuiosha.

3

Jumatatu iliyofuata mfuniko wa Jiko ulipasuka wakati unabadilishwa. Mafundi kumi na mmoja walikuwa chini yake. Mmoja wao alikuwa Nyemo, fundi wa mabomba, miaka ishirini na minne, binti pekee wa Yunisi.

Hospitali ya mkoa iliwatazama, ikasema haina cha kuwapa isipokuwa dripu. Jumanne asubuhi waliletwa Chinyika, nguruwe wakahamishiwa Banda B, na Banda A likaoshwa kwa dawa mara tatu, vyumba vikaondolewa kuta, vikaingizwa vitanda. Ndugu waliruhusiwa kusimama nje ya kioo. Ndani waliingia Daktari, wauguzi wawili, na mfagiaji.

"Mama, shikamoo," alisema Nyemo. Alikuwa amekaa kitandani, anachana nywele, mzima kabisa kwa kumtazama. "Umekuja kunifagia?"

"Marahaba. Nyamaza, lala."

"Nilale nini, mbona siumwi? Tulitapika jana, tumemaliza. Huyu hapa ndiye anayeumwa, anaumwa mdomo."

"Mwongo huyo," ilijibu sauti kutoka kitanda cha jirani. Alikuwa Bupe, msichana wa Mbeya, mwenye kazi moja na chumba kimoja na Nyemo. "Mama, mtoto wako anakoroma. Nimemvumilia miaka miwili, leo nimemfuata mpaka hospitali."

Walicheka wote wawili. Yunisi alijua siku zile. Nguruwe nao walikuwa nazo: siku mbili tatu za kuchangamka, bitana ya zamani ingali haijachakaa. Kituoni waliziita siku za kudanganya.

Vishonaji vilitiwa mchana. Muuguzi akabandika karatasi juu ya kila kitanda: TUMBO TUPU SIKU NNE.

Yunisi alisoma karatasi ya Nyemo, akasoma ya Bupe, akahesabu vitanda. Kumi na kimoja. Akasimama na mpini wa fagio kifuani, akawaza kama mtu anayepanga safari.

Akisema, Daktari atajua kwamba ile tisa haikuwa tisa. Yeye atatolewa nje ya kioo. Huenda dawa ikasimamishwa, mashauri yakaanza, simu zikapigwa, na wakati watu wanashauriana siku ya tano inafika. Na je, kama uji si kitu? Atakuwa ameharibu tiba ya watu kumi na mmoja kwa neno la mlisha mbuzi.

Asiposema, yuko ndani. Ana ndoo. Ana dakika kumi na mbili.

Jumatano alikuja na uji.

4

Kumlisha mtu kwa kitambaa si kama kumlisha nguruwe. Mtu anauliza.

"Mama, nini hiki?"

"Nyonya."

"Si wamesema—"

"Wamesema wao. Mimi ndiye niliyekuzaa. Nyonya, geukia ukutani."

Nyemo aligeuka, akanyonya. Alimwamini mama yake kama alivyomwamini alipokuwa na surua. Kitambaa kilichovywa mara nane. Karani ikaandika: *usafi, kitanda cha nne*.

Alipokuwa akiinuka, akakuta macho ya Bupe.

"Mama, kinanukia nini?"

"Dawa ya sakafu."

"Dawa ya sakafu ina uwele?" Bupe alitabasamu, kisha tabasamu likapotea. "Nipe hata kuramba, mama. Mdomo umekauka."

Ndoo ilikuwa na uji wa kutosha. Hilo Yunisi alilikumbuka baadaye kuliko yote: ulibaki, akaumwaga. Lakini vitanda vilikuwa kumi na kimoja, na wagonjwa wana midomo. Akimpa mmoja ataomba wa pili, wa tatu atamwambia muuguzi, na kesho yake mlango utafungwa. Kwa nguruwe alikomea pale taa ilipomkomesha. Hapa hakungoja taa.

"Daktari amekataza, mwanangu," alisema, akavuta ndoo.

Alhamisi ikawa hivyohivyo. Ijumaa Bupe hakuuliza tena. Alikuwa amewapa mgongo.

Ijumaa jioni siku za kudanganya zikaisha. Wauguzi walibadilisha mashuka mpaka mashuka yakaisha. Jumamosi asubuhi vitanda vitatu vilikuwa vitupu. Nje ya kioo mwanamke mmoja alikaa chini, na mumewe akamfunika kichwa kwa koti.

Nyemo aliketi akaomba kioo ajitazame.

5

Daktari Kemilembe alikuwa hajalala siku mbili. Alimkuta Yunisi ukumbini, akamshika mabega.

"Mama Nyemo, mtoto wako anapona. Utumbo wake una utando, nimeuona kwa kamera. Umefumika vizuri kuliko kwa nguruwe yeyote."

"Na wengine?"

"Wengine utando unatoboka. Unaanza, halafu unatoboka, sijui kwa nini." Alifikicha macho. "Lakini Nyemo ni ushahidi kwamba dawa ni nzuri. Nadhani wengine walipata kidogo. Saa nane mchana huu nawaongezea vishonaji, mara mbili. Na nimekwisha waandikia wa vituo vingine, wafanye kama sisi."

"Wakiwa tumbo tupu?"

"Tumbo tupu, ndiyo. Naanza kuhesabu siku nne upya."

Ilikuwa saa nne na nusu. Yunisi alirudi ndani akafuta sakafu ambayo haikuwa chafu. Alipofika kitanda cha nne Nyemo alimshika mkono. Kando yake Bupe alikuwa amefumba macho, midomo imepasuka, anapumua kwa mdomo.

"Mama," Nyemo alisema kwa sauti ya chini. "Bupe ulimpa?"

Yunisi akakamua tambara.

"Mama. Siku zote tatu. Ulimpa?"

"Ningefukuzwa. Wewe ungekosa."

"Alikuwa anasikia harufu," Nyemo alisema. "Mimi nanyonya, yeye anasikia harufu. Nilidhani unampa nikilala."

Akauachia mkono wa mama yake. Aliteremsha miguu, akajishika kwenye chuma cha dripu, akaanza kutembea taratibu kuelekea meza ya muuguzi. Yunisi alimpita njiani.

"Rudi kitandani. Nitasema mwenyewe."

Daktari alisikiliza akiwa amesimama. Yunisi alieleza bila kupamba: mbuzi, kitambaa, chumba cha kwanza hadi cha tisa, taa nyekundu, watatu wa mwisho, Nyemo. Alipomaliza, Daktari aliigeukia Karani, akaiamuru isome muda wa usafi wa Banda A kwa siku zile. Mashine ikasoma kwa sauti yake tulivu: chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ilipofika cha tisa, ikanyamaza.

"Ilikuwa nayo," alisema Daktari. "Muda wote ilikuwa nayo, na sikuiuliza."

Alifungua jokofu, akatoa kipande cha utumbo wa nguruwe wa chumba cha kumi, kilichowekwa tangu wakati ule bila kuchunguzwa, kwa sababu mnyama aliyekufa haleti sifa ya kuharakishiwa. Alikitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu.

"Njoo uone."

Yunisi akainama. Aliona kitu kama wavu, na wavu ulikuwa na matundu, na pembezoni mwa matundu vitu vyeupe vilivyonenepa.

"Vina njaa," alisema Daktari. "Vishonaji ni viumbe, Mama Nyemo. Nimeviingiza kwenye nyumba isiyo na chakula nikavifungia humo siku nne. Vikafuma, vikaona njaa, vikala nguo viliyoifuma. Vikimaliza nguo vinakula na mwili." Alitazama saa ya ukutani. "Na saa nane nilikuwa naongeza vingine."

Ilikuwa saa tano na robo.

"Ulitia chumvi kiasi gani?"

"Ya vidole vitatu. Kwa sufuria ya lita tano."

"Uwele uliousaga au uliokobolewa?"

"Niliousaga. Na ulilala na maji usiku mmoja, ukachachuka kidogo."

Daktari Kemilembe, mwenye shahada tatu, akachukua kalamu akaandika: *vidole vitatu*. Kisha akauliza vidole vya nani.

6

Uji ulipikwa jikoni kwa walinzi, kwenye sufuria ya kupikia ugali. Lazaro alikoroga. Hakutania. Vitanda vinane vilipata kitambaa kabla ya saa saba, kimoja baada ya kingine, karatasi za sharti zimeng'olewa. Wanaume wazima wenye misuli ya kufungua mabomba walinyonya wakiwa wamefumba macho.

Bupe alinyonya mara mbili, mara ya tatu uji ukamtoka pembeni mwa mdomo. Alikufa Jumapili saa tatu asubuhi. Baba yake alikuwa safarini kutoka Mbeya, akafika saa saba.

Saba walipona.

Daktari aliandika barua kwa vituo vyote, akayafuta matokeo yake mwenyewe mstari kwa mstari. Mahali pa sababu aliandika mambo mawili: kwamba mtunzaji alilisha wanyama kwa siri, na kwamba mtafiti hakuwahi kumuuliza mtunzaji anafanya nini. "Jina langu litatangulia," alimwambia Yunisi. "Lako litafuata. Siwezi kuliondoa." Yunisi alisema hakuomba liondolewe. Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, akarudisha aproni na buti, akaweka saini.

Nyemo alitoka baada ya wiki sita. Alikwenda kwanza Mbeya kuwasalimu wazazi wa Bupe. Alikaa huko mwezi mmoja. Aliporudi alimsalimia mama yake, akala alichopikiwa, na uji hakuugusa. Hadi leo haugusi.

Katika mwezi ule Daktari alikuja hadi nyumbani kwa Yunisi. Alisema vituo vingine vinaanza wanyama wapya, na anataka karatasi ya kubandika milangoni, lakini si ya kitaalamu, maana ya kitaalamu ilikuwapo na haikusaidia mtu. Alitaka iandikwe na mtu anayebeba ndoo. Yunisi alikataa. Wiki ya pili akakataa tena. Ya tatu akamwomba jirani karatasi ya daftari, akakaa kizingitini, akaandika kwa herufi kubwa kama walivyomfundisha shuleni. Daktari aliichukua kama ilivyo, na kosa la wino katikati.

MAMBO YA KUEPUKA

Usilishe mnyama wa majaribio kwa siri. Ukimwonea huruma, sema mchana mbele ya watu, hata wakikucheka.

Usiache kulisha halafu ukasema umelisha. Usilishe halafu ukasema hukulisha.

Usifiche kwenye ndoo kitu ambacho si cha ndoo.

Usiamini mashine imeona kwa sababu imeandika.

Usimfunge kiumbe yeyote njaa bila kujua ndani yake kuna nani mwingine anayeona njaa. Hata kile kidogo kisichoonekana.

Usifurahie hesabu ya waliopona kabla hujauliza waliokufa walikuwa chumba gani.

Wewe daktari, usipite tu karibu na anayefagia.

Wewe unayefagia, usingoje kuulizwa.

Usiseme "nitasema kesho." Kesho vitanda vitakuwa vimepungua.

Usimwage uji uliobaki.

Usimwambie mtoto wa mwenzio "Daktari amekataza" na huku cha mwanao kiko mkononi.